Kusoma sanduku la tapu na dai, Butembo hadi Beni

Bolti ya milimita 8 huingia kwenye nati ya inchi 5/16 ya Whitworth, mfumo wa nyuzi wa Kiingereza. Inazunguka mara moja au mbili kwa vidole, kisha inagoma. Fundi mwenye haraka anashika spana, bolti inasogea, anahesabu kazi imekwisha. Kumbe ndani nyuzi zimelana. Kutoka uzi hadi uzi bolti ya milimita 8 ina hatua ya milimita 1.25, nati ile ina 1.41, na unene wao unapishana kwa milimita 0.06 tu. Jicho haligundui. Itakuja kujulikana siku bolti itakapochomoka mashine ikiwa kazini.

Kwenye barabara ya kilomita hamsini na kitu inayounganisha Butembo na Beni, mashariki mwa Kongo, makosa ya namna hii yana chimbuko la kihistoria. Wabelgiji walikuja na metriki. Kampuni yao ya madini, Minière des Grands Lacs, iliyoundwa mwaka 1923 chini ya kundi la Empain, ndiyo iliyoifanya Butembo ianze kukua, na mashine za Kibelgiji zilifungwa kwa nyuzi za milimita. Lakini ukitoka Beni ukashuka hadi Kasindi, ukivuka tu unaingia Mpondwe, Uganda, nchi iliyotawaliwa na Waingereza na iliyopimwa kwa inchi. Huko reli ilifika Kasese mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe. Mpaka wa makoloni ulikuwa pia mpaka wa nyuzi: huku pembe ya uzi ya digrii 60, kule digrii 55. Biashara ya Wanande, wenyeji wa Butembo na Beni, haijawahi kuusubiri mpaka huo. Vyuma vimevuka pamoja na bidhaa nyingine zote.

Kwa hiyo fundi wa leo anakutana na lugha zaidi ya moja kwenye meza moja. Pikipiki ni metriki. Injini ya kusagia mihogo, ikiwa ni Lister CS ya Dursley, Uingereza, au mojawapo ya nakala zake zinazotengenezwa Rajkot, India, ni ya inchi, ya Whitworth. Baiskeli ya Kihindi yenye umbo la Raleigh ina nyuzi zake yenyewe, nyingi zikiwa 26 kwa inchi, nyembamba kuliko kitu chochote utakachokikuta kwenye mashine ya kusaga. Seti mpya ya bei nafuu kutoka China, yenye tapu za kukatia nyuzi ndani ya tundu na dai za kukatia nyuzi za bolti, ile ya vipande 40, kwa kawaida inakata metriki tu kuanzia milimita 3 hadi 12. Kwa pikipiki inatosha. Kwa Lister na kwa ekseli ya baiskeli haina msaada wowote.

Hapo ndipo sanduku la zamani linapopata thamani yake. Nasema hivi kwa moyo wote, kwa sababu masanduku haya yanauzwa kama chuma chakavu, tapu zikamwagwa kwenye ndoo moja bila kujali zilikuwa seti gani. Anayetaka kuyakusanya ajifunze kwanza kuyasoma.

Anza na tapu ya nusu inchi. Vipimo vya kawaida vya Kimarekani na vya Whitworth vinafanana kwa idadi ya nyuzi karibu kote: robo inchi ni 20, 5/16 ni 18, 3/8 ni 16. Vinaachana kwenye nusu inchi: Mwingereza anakata 12 kwa inchi, Mmarekani 13. Tapu hiyo moja kwa kawaida inakuambia sanduku lilikusudiwa nchi gani. Ikiwa imepotea, angalia kilele cha uzi kwa lenzi: Whitworth aliuviringisha, Sellers wa Philadelphia, aliyependekeza mfumo wake mwaka 1864, aliukata bapa na kuchagua digrii 60.

Joseph Whitworth mwenyewe anastahili heshima ya wakusanyaji wote. Kabla ya kutoa pendekezo lake mwaka 1841 alikusanya skrubu kutoka karakana mbalimbali za Uingereza, kila karakana ikiwa na nyuzi zake, akazipima na kutafuta wastani. Digrii 55 hazikutoka kwenye nadharia. Zilitoka kwenye rundo la vyuma vya watu wengine.

Kisha soma chapa. Ukiona W. & R. au Wiley & Russell, au Wells Bros., umeshika kazi ya mji wa Greenfield, Massachusetts. Wiley & Russell walianza mwaka 1872, ndugu wa Wells 1876, na kampuni hizo mbili ziliungana mwaka 1912 kuwa Greenfield Tap & Die, chapa G.T.D. Majina ya kampuni za awali yanamaanisha chuma hicho kina zaidi ya miaka mia. Jina la bidhaa halitoshi kukupa umri, kwa kuwa “Little Giant” ya ndugu wa Wells iliendelea kutumika baada ya muungano. Upande wa metriki jina la kulitafuta ni Reishauer wa Zürich, karakana iliyoanza mwaka 1788, ambayo kabla ya kusifika kwa mashine za kusaga gia ilitengeneza tapu na dai. Zürich ndiko pia mkutano wa mwaka 1898 ulikokubaliana juu ya uzi wa metriki wa digrii 60.

Kuna jambo moja ambalo nimeona likiharibu kazi nzuri kuliko yote, na halisemwi. Seti ya Kiingereza au ya Kimarekani ina tapu tatu za unene uleule. Zinatofautiana kwa jinsi ncha ilivyochongwa tu. Ukitumia yoyote kati yake hadi mwisho kwenye tundu lililotoboka upande wa pili, uzi umekamilika. Seti ya mkono ya Kijerumani inafanya kazi kwa namna nyingine. Yenye pete moja kwenye shina inakata sehemu ya kina, yenye pete mbili inaongeza, isiyo na pete ndiyo inayomaliza. Nyuzi nyembamba mara nyingi huja na mbili tu, yenye pete na isiyo nayo. Mtu akipata ile ya pete moja peke yake kwenye ndoo ya chuma chakavu, akaipitisha vizuri kabisa, bolti itakataa kuingia, naye atailaumu bolti.

Chukua mfano wa tundu la kumwagia oili kwenye pikipiki za Kichina zilizonakili Honda CG125. Bolti ni milimita 12 kwa hatua ya 1.5, na kizimba cha injini ni cha alumini, hivyo nyuzi hufa mapema. Marekebisho ya kawaida ni kupanda hadi 14 kwa 1.5. Kanuni ya tundu ni kutoa hatua kwenye unene, yaani 14 kutoa 1.5, keekee ya 12.5. Jaza grisi kwenye mifereji ya tapu ili vipande vishikwe visianguke ndani ya injini. Paka mafuta ya taa, ambayo Butembo huitwa petroli, kwani alumini hukatika safi nayo. Zungusha nusu mzunguko mbele, robo nyuma, ili kipande kivunjike. Tapu ya pete, halafu isiyo na pete. Anayeruka hatua hiyo ya mwisho atalazimisha bolti mpya, na kizimba kitapasuka.

Tapu nyingi za zamani ni chuma cha kaboni, si chuma cha kasi. Jaribu shina kidogo kwenye jiwe la kunolea: kaboni hutoa cheche nyingi zinazochanua, chuma cha kasi hutoa chache, nyekundu na fupi. Usibonyeze. Kaboni ikigeuka rangi ya bluu imepoteza ugumu, na hakuna kunoa kutakakourudisha. Udhaifu huo una faida yake. Tapu ya kaboni ikikatikia ndani ya chuma, unaweza kuipasha moto hadi nyekundu, ukaiacha ipoe taratibu, kisha ukaitoboa kwa keekee. Kwenye alumini usijaribu, kizimba kitayeyuka kabla tapu haijalainika.

Ukilinunua sanduku, nunua na kifuniko chake, hata kama kimeoza pembeni. Ndani ya kifuniko mara nyingi ndimo ilimo orodha ya vipimo na matundu, na ndiyo inayokuonyesha kipi kimepotea na kipi kimeingizwa na mwenye sanduku wa awali. Nafasi tupu ya nusu inchi isikuzuie. Nafasi tupu ya dai za baiskeli ikuzuie, kwa kuwa hizo hazirudi kirahisi. Na usitupe dai za bomba: bomba la maji la nusu inchi linalofungwa leo Butembo lina nyuzi 14 kwa inchi, kwa pembe ileile ya digrii 55 aliyoipata Whitworth.