Kamusi za Bure Darasani: Tathmini ya STEP Bible

Mwaka 2013 Tyndale House, taasisi ya utafiti wa Biblia iliyoko Cambridge, Uingereza, ilitoa programu iitwayo STEP Bible. Haiuzwi. Hutumika kwenye intaneti, na tena yaweza kupakuliwa ikakaa ndani ya kompyuta, ikafanya kazi pasipo mtandao. Katika tafsiri zilizoandaliwa kwa ajili hiyo, mwanafunzi akibonyeza neno huonyeshwa neno la Kiyunani au la Kiebrania lililo nyuma yake, maana yake, na mahali pengine linapotumika. Katika makala haya twakusudia kuipima programu hii kama chombo cha kufundishia, tukiwafikiria hasa wainjilisti na wanafunzi walio mbali na maktaba, kama vile Galula, katika Wilaya ya Songwe.

Sifa yake ya kwanza ni dhahiri. Mahali ambapo rafu nzima ya kamusi haiwezi kufika, kompyuta moja yaweza kufika, na ikiisha kupakiwa haidai kifurushi cha kila siku. Sisi Walutheri hatuwezi kuidharau huduma hiyo. Mwaka 1524 Luther aliwaandikia madiwani wa miji ya Ujerumani akiwahimiza waanzishe shule na maktaba, akitetea kwamba Injili haitadumu pasipo lugha za Maandiko. Anayezifikisha lugha hizo bondeni bila malipo anaitenda kazi tuliyoikiri kuwa ni yetu.

Hata hivyo, kitu cha bure nacho hupimwa. Kamusi ya Kiyunani iliyo msingi wa programu hii ni ya Abbott-Smith, iliyochapwa mara ya kwanza mwaka 1922. Ya Kiebrania yatokana na ile ya Brown, Driver na Briggs ya mwaka 1906. Kamusi za zamani hutolewa bure kwa urahisi kwa sababu hakimiliki zake zimekwisha muda. Wahariri wamezirekebisha, lakini misingi ni ile ile. Kitabu cha mwaka 1906 hakikuweza kujua maandishi ya Ugarit, yaliyoanza kufukuliwa mwaka 1929, wala magombo ya Qumran, yaliyoanza kupatikana mwaka 1947. Mwalimu asipolisema jambo hili, darasa litadhani kwamba kilichoandikwa kwenye kioo ndicho neno la mwisho la elimu.

Hatari ya pili iko katika wepesi wenyewe. Mhubiri hubonyeza neno “ekklesia”, huona kwamba limeundwa na sehemu mbili, “kutoka” na “kuita”, kisha hupanda mimbarani akatangaza kwamba kanisa maana yake ni walioitwa watoke duniani. Lakini katika Matendo 19 neno hilo hilo latumika kwa umati wa Efeso uliokuwa ukipiga kelele kwa ajili ya Artemi. Umati ule haukuwa umeitwa na Mungu utoke popote. Maana ya neno hutoka katika matumizi yake, wala si katika viungo vyake. Programu yenyewe huionyesha mistari hiyo yote. Anayebonyeza mara moja tu na kuondoka ndiye asiyeiona.

Hoja ya tatu ndiyo nzito kwetu. Kamusi hizi zimejengwa juu ya Kiingereza. Tuchukue neno “dikaiosune”, ambalo juu yake laelemea fundisho la kuhesabiwa haki. Kiingereza huligawa: neno moja la unyofu wa mtu, na jingine la hukumu ya barazani. Kiswahili cha Biblia ya mwaka 1952 kina neno moja, “haki”, linalobeba yote mawili. Mwanafunzi wa Galula anapolipitisha neno hilo Kiingereza ili kulirudisha nyumbani, hurudi na nusu yake. Atahubiri ama unyofu wa moyo usiomhusu mjane aliyenyang'anywa shamba, ama hukumu ya shamba isiyomhusu mwenye dhambi mbele za Mungu. Ilhali neno alilolikuta nyumbani lilikuwa linawatosha wote wawili.

Basi tufanyeje? Twashauri mwalimu aitumie programu kabla ya kipindi, aandike ubaoni mistari yote ambamo neno latumika, kisha darasa lisome mistari hiyo kwa Kiswahili na kwa lugha za nyumbani, lijadiliane na kupendekeza maana, ndipo kamusi ifunguliwe. Kwa njia hiyo kompyuta moja yatosha wanafunzi wengi, na umeme ukikatika somo laendelea. Luther mwenyewe, alipokwisha kutafsiri Agano Jipya kule Wartburg kwa msaada wa andiko la Kiyunani la Erasmus, alikaa na Melanchthon kulisahihisha kabla halijachapwa mwaka 1522. Chombo bora cha wakati ule hakikumwondolea haja ya mwenzake.

Kwa hiyo twaipokea STEP Bible kwa shukrani, na twaipendekeza kwa kila chuo cha Biblia. Lakini vyuo vyetu vimebakiwa na deni: kamusi ya Kiyunani iliyofikiriwa kwa Kiswahili tangu mwanzo, itakayotolewa bure kama hii. Watu wa Cambridge wametimiza sehemu yao. Kazi hiyo hawawezi kutufanyia.