Nguzo Mama na Hadithi ya Mwanamke Mmoja

Kwa miaka miwili hivi nililipwa kuandika hadithi za mafanikio. Aliyewahi kukaa karibu na mashirika ya maendeleo anazijua: kurasa mbili, picha moja, jina la kwanza tu, tena la kubuni. Mwanamke hakuwa na kitu. Akapata mafunzo, akapata mkopo, sasa watoto wako shuleni na nyumba imeezekwa mabati. Huu ni utanzu kamili wa fasihi, wenye kanuni kali kuliko shairi la tarbia, lakini sijaona mhakiki akiugusa. Labda kwa sababu wasomaji wake ni wale wanaotoa pesa, na hao hawaombi uhakiki.

Kanuni ya kwanza ni kwamba mhusika mkuu awe mmoja. Hapo ndipo nilipokwama.

Nilitumwa pwani, kaunti ya Kilifi, kumhoji mama karanga, mmoja wa wale wanawake wanaonunua samaki mashua zikishusha, wakawakaanga na kuwauza. Alikuwa amemaliza kulipa mkopo wake wa tatu. Alinieleza vizuri, bei ya mafuta, bei ya kuni, siku ambazo bahari imechafuka na hakuna samaki ila deni lipo palepale. Kisha akasema, "Mwanangu, andika pia kwamba tuliuza sufuria za mwenzetu." Walikuwa watano, kila mmoja dhamana ya wenziwe. Mmoja mumewe aliugua, akashindwa kulipa wiki nne. Wale wanne wakaenda kwake, wakatoa sufuria kubwa za kukaangia na kitanda, wakauza. Afisa wa mikopo hakugusa hata kijiko. Alikaa chini ya mwembe akiandika risiti. Hadi leo hawaamkiani.

Niliandika yote. Mhariri akaniambia kipande hicho kinamchanganya msomaji. Nikakikata kwa mkono wangu mwenyewe. Ripoti ilipotoka nilimpelekea nakala. Aliitazama ile picha kwa muda, akauliza wale wengine wako wapi.

Swali hilo ndilo lililonirudisha kwenye Nguzo Mama, tamthilia ya Penina Muhando iliyochapishwa 1982. Nilikuwa nimeisoma zamani kama tunavyosoma vitabu vya mtihani, yaani kwa kutafuta maudhui na kusahau mchezo wenyewe. Katika kijiji cha Patata, wanawake wanatakiwa kuinua nguzo. Ni hilo tu. Wanaitwa Bi Moja, Bi Pili, Bi Tatu, hadi Bi Nane, na Bi Msimulizi ndiye anayetusimulia. Kila wanapoishika nguzo, jambo linatokea: huyu ana mume wa kumsumbua, yule amefiwa na ndugu wa marehemu wanasomba mali, wengine wanagombana wao kwa wao. Mchezo unaisha nguzo haijasimama.

Ukitazama tarehe utaona Muhando alikuwa anaandika katikati ya kitu gani. Umoja wa Mataifa ulikuwa umeutangaza muongo wa wanawake, 1976 hadi 1985. Kulikuwa na mkutano Mexico City 1975, Copenhagen 1980, na wa kufunga muongo ukaja kwetu, Nairobi, Julai 1985, Margaret Kenyatta akiwa mwenyekiti. Hapo KICC ndipo ilipopitishwa ile mikakati yenye jina la mji wetu, ya kutekelezwa hadi mwaka 2000. Sizidharau hati hizo hata kidogo. Ziliwapa wanawake wengi lugha ya kudai. Lakini wajumbe walipokuwa wakizijadili, Kenya ilikuwa imeridhia mkataba wa kukomesha ubaguzi dhidi ya wanawake mwaka mmoja tu uliotangulia, na sheria yake ya urithi, iliyoanza kutumika 1981, ilisema mjane wa mtu aliyekufa bila wosia anayo haki ya kuishi kwa mali iliyobaki mpaka aolewe tena. Mwanamume aliyefiwa hakuwekewa sharti hilo. Mjane wa Patata angeweza kupanda basi aje Nairobi, na bado angeulizwa kama ana mchumba.

Beijing 1995 waliuweka umaskini wa wanawake kuwa eneo la kwanza kati ya maeneo kumi na mawili, wakataja ardhi, urithi, na kazi ya nyumbani isiyolipwa. Miaka miwili baadaye, Washington, mkutano mwingine uliweka lengo la kufikisha mikopo midogo kwa familia maskini milioni 100 kufikia 2005. Nani hakumbuki tulivyoshangilia Muhammad Yunus na Benki ya Grameen walipopewa Nobeli 2006? Mkopo una tarakimu, una picha, una mwisho mwema. Urithi una kesi za miaka tisa. Sishangai ni upi ulioshinda kwenye ripoti. Na ajabu ni kwamba mkopo wenyewe ulisimama juu ya kundi, juu ya wanawake watano kuchungana, ila hadithi yake ikabaki ya mmoja. Muhando angalau aliwaleta wanane jukwaani na kutuonyesha wakirushiana maneno.

Nina ugomvi naye pia. Majina ya namba yanawafanya wahusika wafanane na safu kwenye daftari la chama. Unafika katikati unamchanganya Bi Tatu na Bi Nne. Na kuna wakati tamthilia inawalaumu mno wanawake kwa kukosa umoja, kana kwamba wanapendana tu nguzo ingepaa. Wale wa Kilifi walikuwa na umoja kabla ya mkopo. Walikuwa na chama chao cha kuzungusha pesa kila Ijumaa, na mtu akiugua zamu yake ilisogezwa mbele, basi. Aliyeandika masharti ya mkopo ndiye aliyeugeuza umoja ule kuwa polisi. Mhusika huyo hayumo Patata, na mimi nilimwacha chini ya mwembe.

Bado kati ya maandishi yote niliyosoma kuhusu kumwinua mwanamke, na nimesoma mengi kwa malipo, hili ndilo lililothubutu kuiacha nguzo chini. Ningependa kuiona ikichezwa KICC, katika ukumbi uleule wa 1985, wakati wa mojawapo ya makongamano haya yasiyoisha. Mchezo ukiisha nguzo isiondolewe. Ilale pale sakafuni, wajumbe wairuke wakienda kunywa chai.