Fimbo ya Mkono wa Leo

Usevya hakuna kiwanja cha gofu. Anayetaka kucheza mashimo 18 kamili kutoka huku Mpimbwe itambidi akatize hifadhi ya Katavi kwa basi mpaka Mpanda, halafu apande treni ya Tabora au basi jingine, ndipo aanze kuihesabu safari ya Dar es Salaam. Nalisema hili mapema, msomaji asije akadhani naandika nikiwa kwenye baraza la hoteli ya kitalii. Gofu niliijulia kazini, nikiwa mtumishi Moshi, na niliiacha pale watoto, uhamisho na ada za shule vilipoanza kugombania mshahara mmoja. Sasa nimestaafu, nimerudi nyumbani, magoti yananiambia habari za mvua kabla ya redio, na nimeirudia.

Sitausifu mchezo wenyewe. Una wasifu wake wengi, na wengi wao wana pesa kunizidi. Ninachotaka kukisifu ni ufundi uliojificha ndani yake, ambao kijana haoni haja nao: ufundi wa kumpatia mtu kifaa kinacholingana na mwili alio nao sasa.

Ufundi huo huku kwetu haukuletwa na gofu. Mashoka ya vijijini hayana tundu kama yale ya dukani. Ni bapa la chuma lenye mkia mwembamba, na mkia huo ndio unaopenyezwa kwenye nundu ya mpini. Fundi wa mipini tuliye naye hapa hutafuta tawi lenye nundu ya asili upande mmoja, akaliacha kivulini likauke taratibu. Siku ya kazi huuchoma mkia wa shoka mpaka uwe mwekundu, akaukandamiza kwenye nundu. Moshi unafuka, anauchomoa, anaurudisha motoni, anakandamiza tena. Akiwa na haraka, nundu itapasuka na kazi imekwisha. Baada ya hapo anageukia sehemu ya kushika, kwa kisu kwanza, kisha kwa kigae cha chupa, na hapo ndipo humwita mwenye shoka. Anampa alipunge hewani. Anatazama vidole, haangalii shoka. Kama vidole vya mzee havifungi vizuri, basi hakwangui zaidi. Anauacha mpini uwe mnene hapo, kwa sababu mkono usiokunja sana huchoka haraka ukishika kitu chembamba. Urefu anaupunguza. Chuma ni kile kile alichokuwa anatumia mzee akiwa na miaka thelathini, ila mpini ni wa mtu mwingine kabisa.

Gofu ya zamani ilikwenda hivyo hivyo. Mipini ya fimbo ilikuwa ya mti wa hikori kutoka Marekani, na mafundi wa Scotland waliichonga mmoja mmoja, wakiipunguza na kuipinda mkononi mpaka inepe wanavyotaka. Chuma kilipokuja, na klabu ya St Andrews kukikubali mwaka 1929, viwanda viliweza kutoa mipini elfu inayofanana. Ilikuwa faida kubwa, na ilikuwa hasara pia, maana tangu hapo mtu amezoea kudhani fimbo inanunuliwa kama sukari. Miaka ya 1970 ukaingia mpini wa grafaiti, nyuzi za kaboni zilizogandishwa kwa gundi, na wazee tukapata mwokozi ingawa wengi wetu hatukumtambua mapema. Mpini wa chuma wa kawaida kwenye fimbo ya aironi huwa na uzito wa gramu mia na zaidi, mara nyingi kama 120. Wa grafaiti unaweza kuwa na 60 au 70. Anayesema gramu hamsini si kitu hajapiga mipira mia asubuhi moja akiwa na bega lenye baridi yabisi.

Uzito tu hautoshi. Kuna mnepo, na hapa ndipo penye kiburi. Mipini hupangwa kwa madaraja ya ugumu, na daraja moja huitwa la wazee, jina ambalo nadhani limewafukuza wateja kuliko bei. Mtu anayepunga fimbo taratibu akipewa mpini mgumu, mpini haunepi kwa wakati wake, mpira unatoka chini na kukwepea kulia. Anajilaumu. Anaongeza nguvu. Mgongo unajibu. Hali kadhalika mlalo wa uso wa fimbo. Vijana wa kwenye televisheni wanatumia draiva, fimbo ya mpigo mrefu, ya nyuzi 8 au 9, na mzee naye anaitaka hiyo. Mwenye kasi ndogo anahitaji mlalo mkubwa, nyuzi 11 au 12, ili mpira upande na ukae angani. Kwa mkono wake draiva iliyosimama wima itautambaza mpira chini kama panya buku.

Aironi namba 3 na 4 nimezitoa kwenye mfuko bila msiba. Nafasi yake zimekaa hibridi, fimbo zenye kichwa kinene kidogo ambacho uzito wake umewekwa chini na nyuma, ili mpira uinuke hata ukipigwa bila ukali. Kanuni inaruhusu fimbo 14, kikomo ambacho Wamarekani walikiweka mwaka 1938 na Waingereza wakakifuata mwaka uliofuata, baada ya wachezaji kuanza kubebesha watu fimbo zaidi ya ishirini. Hakuna kanuni inayodai 14 zitimie. Mimi naona tisa zinamtosha mstaafu, na kedi, mbeba mfuko wako, atakushukuru.

Kitu cha bei nafuu kuliko vyote, na ambacho ningekitangulizia kila anayerudi, ni kishikio cha mpira. Kinazeeka kama tairi; kinakuwa kigumu na kinateleza, na mkono unalipa kwa kubana. Kukibadilisha hakuhitaji mashine. Unakichana kwa kisu cha ndoano, unabandua gundi ya zamani, unazungushia mpini utepe wenye gundi pande mbili, unaulowesha kwa kiyeyushi, unasukuma kishikio kipya mara moja kabla hakijanata. Kila safu moja ya ziada ya utepe inaongeza unene wa karibu nusu milimita. Safu mbili, tatu, na vidole vilivyokuwa vinalia vinanyamaza. Nilipomwonyesha fundi wetu, alikiminya kishikio kwa kidole gumba, akaniuliza kwa nini niliwahi kukubali kutumia chembamba.

Wapo wanaosema uzee na mashindano havikai chungu kimoja. Sam Snead alishinda mashindano ya wachezaji wa kulipwa huko Greensboro mwaka 1965 akiwa na miaka 52. Phil Mickelson alitwaa ubingwa mkubwa mwaka 2021 akiwa na 50. Ila ninayempenda zaidi ni aliyeshindwa: Tom Watson, Turnberry, mwaka 2009. Alikuwa na miaka 59, nyonga moja amebadilishiwa mwaka mmoja tu kabla, na alifika shimo la 72 la mashindano yale makubwa akihitaji mpigo mmoja wa kusukuma mpira shimoni, mita mbili na ushei. Haukuingia. Stewart Cink akamshinda kwenye mashimo ya nyongeza. Watu husimulia ule mpigo mmoja. Mimi hushangaa siku nne zilizoutangulia.

Waandishi wa kanuni nao wametuhurumia, wawe walikusudia au la. Tangu 2019 mpira uliopotea unatafutwa kwa dakika tatu badala ya tano, unaudondosha kwa kimo cha goti pale ambapo zamani mkono ulinyooshwa usawa wa bega, na mlingoti wa bendera unaweza kubaki shimoni. Goti langu linaunga mkono vipengele vyote vitatu.

Mazoezi nayafanyia kwenye mashamba ya mpunga, baada ya mavuno, maji yakishakauka na mabua yakabaki mafupi. Nabeba aironi namba 7 peke yake. Si unyonge; Seve Ballesteros, ambaye mwaka 1978 alikuja Nairobi akaondoka na ubingwa wa Kenya, alijifunza utotoni kwenye fukwe za kwao Pedreña akiwa na aironi namba 3 tu, na mkono wake ulijua kuifanyisha fimbo moja kazi za fimbo sita. Ugumu wa huku ni udongo. Ule mfinyanzi mweusi kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza mkono, na mpira wa sentimita nne na kitu ukiangukia humo umekwenda. Wajukuu wana kijiti cha kuchokolea. Wafugaji wa Kisukuma wanaopitisha ng'ombe husimama kutazama, na siku moja kijana mmoja aliniamkia kwa heshima zote, kisha akauliza, "Babu, sasa wewe na fimbo ya chuma hiyo unachunga nini?"

Nilimsimulia habari za Jinja, Uganda, ambako klabu ilijiwekea kanuni kwamba mpira ukiingia kwenye unyayo wa kiboko unaokotwa bila adhabu. Mtu wa Katavi haelezwi mara mbili maana ya unyayo wa kiboko. Alicheka mpaka ng'ombe wakamtangulia.

Kazi iliyobaki ni draiva. Za madukani siku hizi zina urefu wa sentimita 114 hadi 116, kwa ajili ya watu warefu wenye viuno vya mpira, na kila sentimita inayozidi inakisogeza kichwa mbali na mahali macho yalipo. Nataka ipungue mbili na nusu. Inakatwa upande wa kishikio, kwa msumeno wa chuma wenye meno madogo, baada ya kuzungushia utepe ili nyuzi zisichanike, na pua zimefunikwa, maana vumbi la kaboni halifai kifuani. Ukiikata hivyo, mpini unakuwa mgumu kidogo kuliko ulivyokuwa, kwa hiyo inafaa kuanza na uliolegea, na kichwa kinaanza kuhisika chepesi mno. Dawa yake ni ukanda mwembamba wa risasi unaobandikwa nyuma ya kichwa, gramu kumi na kitu. Fundi aliposikia risasi akatabasamu. Reli ya kutoka Kaliua ilifikishwa Mpanda zama za Mwingereza kwa ajili ya mgodi wa risasi, na wazee wa rika lake wanazo habari zake. Kaboni hajawahi kuikata. Amenitaka nimpelekee kwanza kipande cha mpini uliovunjika ajaribie msumeno, na ameniagiza nije na viatu nitakavyovaa uwanjani, maana urefu hawezi kuupima nikiwa na kandambili.