Fundi wa Pikipiki Hupimwa Kabla Hajashika Spana

Mwendesha kabaza, yaani pikipiki ya kubeba abiria nchini Malawi, awe wa Area 36 mjini Lilongwe au wa Dzaleka, kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1994 huko Dowa, mara nyingi humchagua fundi kwa wepesi wa mkono na unafuu wa bei. Vipimo hivyo vinapotosha. Ukitaka kujua kama umepata fundi kweli, mpelekee injini inayosita unapovuta resi, au breki ya mbele inayozama laini unapoibana. Kila kasoro kati ya hizi ina vyanzo vingi vinavyofanana kwa nje, kwa hiyo haiponi kwa kubahatisha. Fundi bora huondoa sababu moja baada ya nyingine kabla hajakutuma dukani kununua spea.

Kwa injini, ataanza na maswali: inasita ikiwa baridi, au ikishapata moto? Petroli ya mwisho ulinunua wapi? Swali hili la pili lina uzito wa pekee nchini Malawi, ambako petroli imekuwa ikichanganywa na ethanoli ya miwa tangu mwaka 1982. Ethanoli hunyonya maji. Yakiwa kidogo huyeyuka humo. Yakizidi, ethanoli hujitenga na petroli na kuzama pamoja na maji hayo hadi chini ya tangi, huko huko mafuta yanakotokea kwenda kwenye kabureta. Petroli inapoadimika pampuni na watu wakainunua kwenye madumu, hatari hiyo huongezeka. Kuipima hakuhitaji mashine: injini ikiwa imepoa na pasipo moto karibu, fundi hulegeza skrubu iliyo chini ya bakuli la kabureta, akakinga kinachotoka kwenye chupa angavu na kukiacha kitulie. Ukionekana mstari unaotenganisha tabaka mbili, mwizi amekamatwa. Kama petroli ni safi, na avute choki: injini ikichangamka, ilikuwa inapata mafuta kidogo au hewa nyingi mno, na hapo ndipo aangalie jeti iliyoziba na mpira wa kabureta uliopasuka. Afungue pia kifuniko cha tangi, maana tundu lake la hewa likiziba, petroli haishuki.

Wapo watakaosema huku ni kupoteza muda, kwani abiria hangoji na kubadili kabureta ni kazi ya dakika chache. Lakini kabureta mpya itakunywa maji yale yale kutoka tangi lile lile. Wala hoja kwamba fundi wa kando ya barabara hana vifaa haisimami: nilivyotaja ni bisibisi, chupa na subira.

Kwenye breki ndipo ninapokuwa mkali, kwa sababu hapa uzembe wa fundi hulipwa na mwili wa abiria. Breki ya ngoma ya nyuma ikilegea, mara nyingi ni fimbo ya kukazwa au brekishuu zilizoisha. Ya diski inataka mkono unaosikiliza. Ipampu mara kadhaa: ikipanda na kuwa ngumu, dhana ya kwanza ni hewa ndani ya mfumo. Ishikilie kwa nguvu isiyobadilika: ikiendelea kuzama polepole, sili ya pampu ya juu imechoka au kuna panapovuja. Ikiwa ngumu asubuhi na kulegea baada ya mteremko mrefu, yaelekea mafuta ya breki yamenyonya maji na sasa yanachemka. Kwa viwango vyake, mafuta ya breki ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi. Yakishanyonya maji, kiwango hicho hushuka hadi 155. Mafuta hayabanwi, mvuke unabanwa, ndiyo maana mkono wa breki unazama. Kuongezea mafuta mapya juu ya yaliyochakaa hakutibu kitu.

Anapotoa hewa, mtazame mikono. Mpira angavu uvalishwe kwenye nipo ya kutolea hewa na ncha yake izame kwenye mafuta ya breki chupani. Abane breki, aishikilie, afungue nipo, kisha aifunge kabla ya kuachia. Anayeachia kwanza anairudisha hewa ile ile ndani. Mafuta yatoke kwenye kopo lililokuwa bado na muhuri, yawe ya DOT iliyoandikwa kwenye kifuniko cha pampu, na akithubutu kunyoosha mkono kuchukua oili ya injini, ambayo huvimbisha sili, chukua funguo zako uondoke.