Picha ya Prince na Mipaka ya Kukopa katika Sanaa

Tunapofundisha mwingilianomatini, huwaambia wanafunzi wetu kwamba hakuna kazi ya sanaa inayozuka katika ombwe. Hilo ni kweli. Hata hivyo, halijibu swali jingine: anayekopa anadaiwa nini na aliyekopwa? Katika makala haya tunanuia kulijadili swali hilo kupitia kesi moja ya Marekani iliyohusu sanaa ya utwaaji, yaani ile ambayo msanii huchukua picha ya mwingine na kuifanya kiini cha kazi yake.

Mwaka 1981 mpigapicha Lynn Goldsmith alimpiga picha mwanamuziki Prince. Mwaka 1984 jarida la Vanity Fair lilimlipa dola 400 ili mchoraji aitumie picha hiyo mara moja tu kama kielelezo. Mchoraji huyo alikuwa Andy Warhol, na jina la Goldsmith lilitajwa jaridani. Lakini Warhol hakuishia hapo. Alitengeneza jumla ya kazi 16 kutokana na picha ileile. Prince alipofariki mwaka 2016, kampuni ya Condé Nast, mmiliki wa jarida hilo, iliulipa Wakfu wa Warhol dola 10,250 ili ichapishe mojawapo. Goldsmith hakulipwa wala hakutajwa.

Wakfu ulijitetea kwa kanuni ya matumizi ya haki, iliyomo katika kifungu cha 107 cha Sheria ya Hakimiliki ya Marekani ya mwaka 1976. Mambo manne hupimwa: kusudi la matumizi, aina ya kazi iliyokopwa, kiasi kilichochukuliwa na athari katika soko lake. Wakfu ulidai kwamba Warhol alimgeuza binadamu wa kawaida kuwa nembo ya umaarufu, hivyo maana ilikuwa mpya.

Mei 2023 Mahakama ya Juu, kwa majaji 7 dhidi ya 2, ilikubaliana na Goldsmith kuhusu jambo la kwanza, ambalo ndilo pekee lililokuwa mbele yake. Jaji Sonia Sotomayor alieleza kwamba maana mpya peke yake haitoshi, kwa kuwa picha zote mbili zilitumika kumwonyesha Prince magazetini kwa malipo. Jaji Elena Kagan alipinga, akihofia kwamba ubunifu utabanwa.

Hofu ya Kagan si ya kupuuzwa, lakini sisi tunaafiki uamuzi wa wengi. Mahakama haikusema kazi ya Warhol ni mbaya, wala haikuizuia kutundikwa katika makumbusho. Aidha, iliitofautisha na michoro yake ya makopo ya supu ya Campbell, ambayo nembo yenyewe ndiyo inayosemwa. Picha ya Goldsmith haikusemwa, ilitumiwa tu.

Ushairi wetu unaijua tofauti hii. Mtunzi wa takhmisi huongeza mishororo yake mitatu kwenye miwili ya mwenziwe, na ya mwenziwe hubaki ikionekana. Sayyid Abdallah bin Nasir alipoufanyia takhmisi utungo wa Liyongo, jina la Liyongo halikufutwa.

Kwa hiyo, mwanafunzi wa mwingilianomatini hana budi kuuliza maswali mawili: kazi mpya inasema nini, na ni nani aliyeachwa nje ya malipo? La pili halijibiwi kwa kuusifu ustadi wa mkopaji.