Al-Inkishafi na Vyumba vya Pate

Shairi la Al-Inkishafi, alilolitunga Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir yapata miaka 200 iliyopita, husomwa kwa desturi kama mawaidha juu ya ubatili wa dunia. Ndivyo lilivyo, wala sina ugomvi na walisomao hivyo. Lakini twakosa jambo tusipotazama jinsi mtunzi alivyoingia katika nyumba zilizohamwa za mji wa Pate, akazitaja sehemu zake moja moja kwa majina: madaka ya ukutani yaliyopangwa sahani, ambamo sasa wamelala makinda ya ndege, viwanda vilivyogeuka mwitu, misana ambamo nyenje hulia.

Mwanafunzi wa leo asomapo “kiwanda” hufikiri mashine na moshi, kumbe kwa Waamu ni ua ulio ndani ya nyumba, usio na paa. Kosa hilo husahihishwa upesi. Lililo zito ni “nyumba kati”, ambamo mtunzi asikia mende wakivuma. Mtu aweza kuyafasiri maneno hayo kuwa ni katikati ya nyumba, basi. Mimi naona sivyo, maana papo hapo autaja msana, ambao ni jina la chumba. Na nyumba kati nayo ni chumba, kilicho ndani kabisa katika nyumba za mawe za Lamu, walimozaliwa watoto na walimooshwa maiti. Basi mende hawavumi mahali po pote tu: wavuma pale wafu walipotayarishwa kwenda kaburini, na sasa hapana hata wa kuoshwa. Ukali wote wa ubeti umo humo.

Nani atajua haya asipoiona nyumba? Mji wa kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, na humo bado mtu aweza kupita kutoka kiwandani hata vyumba vya ndani. Pate kwenyewe, kati ya mabaki ya kuta za matumbawe, watu wamelima tumbaku.

Atakuwako atakayesema ya kuwa mtunzi mwenyewe angetucheka tukihangaikia kuta, yeye aliyetufundisha tusizitumainie. Sikubali. Asiyejali nyumba hakumbuki kwamba madaka yalikuwa ya sahani. Tena chokaa ikianguka na boriti za mikoko zikioza, hapana kamusi itakayotuonyesha giza la nyumba kati lilikuwa giza gani, wala mlango wake ulielekea wapi.