Nadine Labaki na swali la mama Souad

Nadine Labaki wa Lebanon anaandika filamu, anaziongoza, halafu anaingia mwenyewe kuigiza. Filamu zake ndefu ni tatu, na ukizitazama kwa kufuatana unaona kitu: nafasi anayojipa mbele ya kamera inazidi kupungua.

Katika Caramel (2007) yeye ni Layale wa saluni ya Beirut, anayempenda mume wa mtu, na kamera haimwachi. Katika Where Do We Go Now? (2011) ni Amale, mwenye mgahawa kijijini, ambako wanawake wanahangaika kuwazuia wanaume Wakristo na Waislamu wasiuane. Inachekesha, ila sisi tuliokimbia vita tunajua ugomvi wa majirani hauishi kirahisi hivyo.

Kisha ikaja Capernaum (2018), iliyopata Tuzo ya Majaji huko Cannes. (Waliosoma Kifaransa kule Kongo wanalijua hilo neno: ni fujo, vitu kurundikana ovyo.) Hapa kamera amewaachia watu wasio na karatasi. Zain Al Rafeea, mtoto mkimbizi wa Syria, anaigiza mtoto wa Lebanon asiyeandikishwa popote, ambaye naye anajifanya Msiria ili apate msaada. Mimi hapo nilicheka peke yangu. Ninyi wa mashirika sijui mtacheka au vipi. Yordanos Shiferaw anaigiza Rahil, Mwethiopia anayeficha mtoto wake kwa sababu hana kibali. Filamu ikiwa bado inapigwa, Yordanos mwenyewe akakamatwa kweli, kwa sababu ile ile ya karatasi.

Sasa, shida yangu. Zain anawashtaki wazazi wake kwa kumzaa. Eti kwa kumzaa! Haya maneno si mageni kwetu. Tunayasikia kwenye foleni, kwamba maskini anazaa sana, shida kajitakia. Mahakamani simwoni mwenye nyumba akishtakiwa, wala ofisi inayonyima cheti, wala aliyemwoa Sahar, dada yake Zain, akiwa na miaka kumi na moja. Waliokaa kwenye kiti cha washtakiwa ni baba na mama tu.

Lakini angalia Labaki amejiweka wapi. Amejipa kanafasi kadogo ka mwanasheria wa Zain, yaani upande unaomlaumu mama. Halafu, yeye ndiye mmoja wa walioandika maneno, anamwacha Souad, mama yake Zain, amgeukie huyo mwanasheria na kumuuliza kama amewahi kuishi maisha haya, kama amewahi kulisha watoto maji na sukari. Mwanasheria hana jibu. Ni sekunde chache tu, na kwangu ni uigizaji wake mkubwa kuliko Layale yote: kusimama pale, kanzu nzuri ya mahakama mwilini, na kunyamaza.

Tatizo ni kwamba baada ya hapo filamu inarudi kwa Zain, na Souad tunamsahau. Filamu ya nne ningeomba imfuate yeye mpaka nyumbani.